Somo Ambalo Limi Hakufundishwa

Minza mwanangu,

Hali yako naijua, sina haja ya kuiuliza. Nakusikia hapo chumbani ukibishana na mama yako juu ya blanketi. Yeye anasema huko uendako baridi inaingia mpaka kwenye mifupa, wewe unasema begi limejaa. Mwachie ashinde. Mambo ya blanketi, ya nauli, ya mwenye nyumba na ya mtu wa kukupokea stendi ameyamaliza yeye, sitayarudia.

Mimi nina jambo langu moja. Kesho unaondoka kwenda kuwa mhadhiri msaidizi, utafundisha wauguzi, na mimi ambaye nimefundisha chuo kikuu tangu hujazaliwa sijakwambia hata neno moja la kazi hiyo. Umeliona hilo. Juzi ulipokuwa unapiga pasi uliniuliza, "Baba, hunipi hata siri moja ya darasani?" Nikajifanya natafuta miwani.

Nilikudanganya, Minza. Ulipokuwa mwaka wa pili ulinipigia simu ukauliza kwa nini nimeacha kazi. Nikakujibu, "Presha, mwanangu. Daktari amesema nipumzike." Presha ninayo kweli, lakini ilikuja baadaye. Nimejaribu kukwambia kwa mdomo nikashindwa, kwa hiyo naandika. Soma ukiwa kwenye basi, au ukifika. Usinipigie simu kabla hujamaliza.

Nianze mbali kidogo. Mwaka wangu wa kwanza kufundisha, tathmini za wanafunzi zilikuwa bado za karatasi. Mwisho wa muhula kila mwanafunzi anapewa ya kwake, anaweka alama: mhadhiri anawahi, anaeleweka, anatoa mifano. Chini kunaachwa nafasi ya maoni. Mwanafunzi mmoja akaniandikia: "Anasoma notisi kama mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni."

Nilikasirika sana. Tathmini zile hazikuwa na majina, lakini mitihani nilikuwa nayo, na nikakaa nikalinganisha mwandiko kama polisi. Nilimpata. Alikuwa kijana wa Kahama, mpole, anakaa dirishani. Sikumpunguzia alama. Ila siku moja niliingia darasani nikamtazama yeye usoni, nikasema, "Leo matangazo ya vifo hayapo." Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka. Hakuniuliza swali tena mpaka alipohitimu, na mimi nikadhani nimemfundisha adabu.

Kilichoniuma ni kwamba alikuwa amesema kweli. Nilikuwa nasoma notisi za mwalimu wangu, ambaye naye alikuwa amesoma za mwalimu wake. Ningeweza kumshukuru, nikamnyamazisha. Nilikuwa kijana, na nilipoona jinsi ilivyo rahisi kumnyamazisha mtu anayekutegemea kwa alama, jambo hilo lilikaa ndani yangu na sikuliondoa.

Miaka ikaenda. Tathmini zikahamia kwenye kompyuta. Mwanafunzi haoni matokeo yake mpaka ajaze, kwa hiyo wengi wanabonyeza tu "vizuri sana" kutoka juu mpaka chini ili waone alama zao. Nami nikapanda ngazi nikawa mwenyekiti wa kamati ya taaluma ya kitivo. Kazi yetu ilikuwa kupitia tathmini hizo, kuangalia kama kila shahada inafundishwa inavyotakiwa, na kuuambia uongozi ipi iendelee na ipi irekebishwe. Kwa maneno ya kawaida, tulikuwa macho ya chuo. Mama yako alikuwa akinitania mbele ya wageni, "Huyu ndiye anayewakagua walimu wenzake." Nilikuwa naipenda sana sentensi hiyo.

Sasa nimtaje Mabula.

Unamkumbuka kama baba yako wa ubatizo, yule wa pipi za kijiti na kicheko kikubwa. Kitu ambacho labda hukijui ni kwamba yeye ndiye aliyeniingiza chuoni. Na ulipokuwa mdogo, homa ikakupanda mpaka ukaanza kupinda shingo. Ilikuwa masika, barabara zimeharibika, hatukuwa na gari. Mabula aliacha wageni sebuleni kwake, akatupakia, akaendesha kwenye matope mpaka Mwanza. Mama yako alikuwa amekushika huku anaimba kwa Kisukuma, mimi nilikuwa nalia. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu, tungekukosa.

Nakwambia haya ili umwelewe, na unielewe. Mtu akishakuokolea mtoto, unamdai nini tena? Ungemkagua vipi?

Mabula alifundisha uthabiti wa miamba katika shahada ya uhandisi wa migodi. Ni somo la kujua mwamba unapokuwa salama na unapotaka kuanguka. Miaka ya mwanzo alilifundisha vizuri, na mimi niliyefundisha jiolojia naweza kulishuhudia hilo. Halafu alifungua kiwanda kidogo cha kuchenjua dhahabu na kuitenga na mawe upande wa Geita, na akili yake ikahamia huko. Akawa anafika chuoni kwa kuibiaibia, viatu vina tope jekundu, anatuma notisi kwenye simu ya kiongozi wa darasa na kuondoka. Mtaala ulisema wanafunzi watapelekwa mgodini. Fungu la safari lilikuwa limekatwa, hilo ni kweli, na yeye hakulidai. Mtihani ulitoka kwenye notisi zile zile. Walikariri, wakafaulu, na vyeti vikaandikwa.

Wote pale kitivoni tulijua. Tuliligeuza utani. Mtu akichelewa kikao tunamwambia, "Umetoka Geita?"

Siku moja akaja msichana ofisini kwangu. Anaitwa Limi. Alikuwa mwaka wa tatu, mwembamba, ana kovu dogo kidevuni. Alisimama mlangoni.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Ingia, kaa."

Aliingia lakini hakukaa. "Mwalimu, nimekuja kuhusu uthabiti wa miamba. Muhula unaisha, Dakta Mabula tumemwona mara chache sana. Tulitakiwa kwenda mgodini, hatujaenda. Tumeandika kwenye tathmini ya katikati ya muhula. Waliotutangulia nao wanasema waliandika."

"Fungu la safari halijatoka, Limi. Si kosa la mwalimu."

"Basi hata hapa hapa, mwalimu. Miamba ipo nyuma ya bweni letu. Atuoneshe kwenye hiyo."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna aliyenituma. Mimi nimekulia kwa baba mdogo, ni mchimbaji. Najua watu wanaingia chini kwa kumwamini mtu mmoja aliyesema ingieni. Kesho mtu huyo nitakuwa mimi. Naogopa."

Nakumbuka nilivyoguswa. Nilimwambia amefanya vizuri kuja. Nikamwambia, "Jina lako litabaki humu humu ofisini." Akashukuru, akapiga goti kidogo kama wanavyofanya mabinti wa kwetu, akaondoka.

Jumamosi yake nilikaa na Mabula kwenye nyama choma. Sikulewa, usidhani nilikuwa nimelewa. Nilitaka kumwonya kirafiki. Nikamwambia watoto wanalalamika. Akauliza, "Watoto gani?" Nami, ili aone kwamba niko upande wake na simfichi kitu, nikamwambia, "Limi alikuja ofisini."

Akacheka kile kicheko chake, akaagiza ndizi nyingine. Hatukulizungumza tena.

Jumatatu alifika darasani mapema, akiwa amevaa koti. Hayo nilisimuliwa baadaye. Akasema, "Nasikia tuna mtaalamu wa ufundishaji humu ndani. Limi, simama. Njoo mbele utufundishe uthabiti wa miamba." Akamkabidhi kalamu ya ubao, akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, akakunja nne. Limi akasimama mbele ya wenzake hana la kuandika, maana hakufundishwa. Akaachwa hapo mpaka kipindi kikaisha.

Nilikutana naye kwenye korido wiki hiyo hiyo. Alinitazama, akasema, "Shikamoo mwalimu." Nikasema, "Marahaba." Basi. Sikusimama.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo pabaya kuliko pote. Tathmini ya mwisho wa muhula ule ilirudi safi. Darasa zima: vizuri sana, vizuri sana, vizuri sana. Hakuna lalamiko hata moja. Na mimi, mwenyekiti, niliichukua tathmini hiyo nikaipeleka kwenye kikao cha kitivo, nikasema, "Mnaona, somo hili limeimarika." Niliyasema hayo nikijua kwa nini wamenyamaza, mwanangu. Ukimya nilioutengeneza mwenyewe niliuleta kikaoni kuwa ushahidi.

Baada ya hapo shahada ile ikafika muda wa kupitiwa upya. Wakaja wakaguzi kutoka nje ya chuo. Waliomba kuongea na wanafunzi, na mimi ndiye niliyewachagua wanafunzi wa kuongea nao. Limi hakuwemo. Mkaguzi mmoja, mama mtaratibu, akaniuliza, "Daktari, hawa wanashuka mgodini?"

Nikamjibu, "Utaratibu upo."

Sikudanganya. Utaratibu ulikuwepo, umepigwa chapa vizuri kabisa kwenye mtaala. Nilikuwa nimeshaambiwa chini kwa chini kwamba ukuu wa kitivo utakuwa wangu. Nilikuwa na Mabula wa kumlinda, na wenzangu ambao wangekosa vipindi kama shahada ingesimamishwa. Kila mmoja wa watu hao nilikuwa namwona usoni. Mtu atakayekuwa chini ya mwamba sikumwona, kwa sababu hakuwepo kikaoni.

Limi alihitimu. Kwenye uthabiti wa miamba alipata A.

Alipata kazi kwenye kikundi cha wachimbaji wadogo upande wa Mwakitolyo, awe msimamizi wao wa usalama. Walifurahi kumpata. Maduara yao, yale mashimo ya kuchimbia dhahabu, yalikuwa yanakaguliwa na mtu yeyote mwenye ujasiri, na sasa wana msomi wao wenyewe. Walimwita Injinia. Asubuhi walikuwa hawashuki mpaka yeye aje, aingie na tochi, atoke, aseme.

Ilinyesha mvua kubwa, ikakatika. Baada ya mvua wale vijana walikuwa na hamu ya kurudi kazini. Limi alishuka akamulika tochi huku na huku. Aliona mwamba, umelowa, unang'aa. Akapanda juu. Wakamuuliza, "Injinia, tushuke?"

Akasema, "Shukeni."

Kabla ya adhuhuri duara liliporomoka. Watu walichimba kifusi kwa mikono na kwa sepetu, wakiitana majina, mpaka sauti za chini zikakoma. Waliotolewa walikuwa maiti. Wengine walikuwa vijana wa hapa hapa Shinyanga, mwingine alisafirishwa kwao Kondoa, mwingine Kasulu. Mmoja wao mkewe alikuwa amefika kutoka kijijini jana yake, amemletea kuku.

Limi alikamatwa siku hiyo hiyo. Polisi walisema ni kwa usalama wake pia, maana watu walikuwa wameshaokota mawe.

Ikaundwa kamati ya uchunguzi. Limi alipohojiwa alisema jambo moja tu: "Sikufundishwa." Wakafungua matokeo yake, wakaona A. Wakamuuliza, "Unataka tuamini nini? Karatasi ya chuo au wewe?" Akarudia, "Sikufundishwa." Basi wakaita chuo, na chuo kikanituma mimi, mwenyekiti wa kamati inayosimamia ufundishaji.

Nilivaa suti yangu ya kijivu. Mama yako aliipiga pasi akijua naenda kikao cha kawaida. Nje ya ile ofisi, kwenye benchi, alikuwa amekaa mama mtu mzima amejitanda kanga. Nikamsalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu." Akaitikia, akaniuliza kama mimi ni mmoja wa walimu wa chuo. Nikasema ndiyo. Uso wake ukafunguka, Minza. Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Mungu amekuleta, baba. Mimi ni mama Limi. Mwanangu aliniambia walimu wake wanaujua ukweli. Nenda ukawaambie."

Nikaingia.

Limi alikuwa amekaa pembeni, amekonda, nywele hazijasukwa. Mwenyekiti wa uchunguzi akaniuliza, "Daktari, mwanafunzi huyu alifundishwa somo hili, au hakufundishwa?"

Nikasema, "Kumbukumbu zetu zinaonesha alifundishwa na alifaulu vizuri."

"Kuliwahi kuwa na malalamiko kuhusu somo hilo?"

"Tathmini ya mwisho ya wanafunzi ilikuwa nzuri."

Limi hakupiga kelele. Alinitazama tu, na hakuwa na hasira, na hilo ndilo sijalisahau. Alikuwa na uso wa mtu aliyepigiwa hesabu ambayo jibu lake alikwisha kulijua. Nilitoka kwa mlango wa nyuma ili nisimpite mama yake.

Mabula alinipigia simu jioni. "Kaka, umetuokoa," alisema. Nadhani alikuwa analia. Sikuwa namchukia. Hata leo simchukii. Nikamwambia ni sawa.

Baadaye nilikwenda kusema kweli, lakini si kwa sababu ya ujasiri. Nataka ulijue hili usije ukanisifia. Niliendelea na kazi kama kawaida, nikila, nikilala. Kisha nikapangiwa kushika darasa la Mabula kwa muda, maana uongozi ulitaka asionekane onekane. Niliingia, nikakuta watoto wamejaa, madaftari mezani. Nikawauliza, "Nani kati yenu amewahi kushuka chini ya ardhi na mwalimu?"

Hakuna aliyenyanyua mkono. Kijana mmoja wa mbele akauliza kwa wasiwasi, "Mwalimu, hilo litatoka kwenye mtihani?"

Wenzake hawakucheka. Walikuwa wameshika kalamu, wanasubiri niseme kama waandike. Nikawatazama mmoja mmoja, na kila niliyemtazama nilimwona amesimama mdomoni mwa duara, watu wanamuuliza, tushuke?

Nilishindwa kufundisha. Nilitoka, nikapanda bodaboda, nikarudi kule kwenye uchunguzi, nikaomba kusikilizwa tena. Nikawaambia kila kitu: notisi za simu, safari ambazo hazikuwepo, Limi alivyokuja ofisini, nilivyomtaja, wakaguzi niliowachagulia wanafunzi. Mwenyekiti akaweka kalamu chini. Akasema, "Daktari, mara ya kwanza ulikuja hapa ukiwa na akili timamu?"

"Ndiyo."

"Na leo?"

"Leo pia."

Usifikiri baada ya hapo mambo yalinyooka. Shahada ile ilisimamishwa. Wale watoto waliojaa darasani walitawanywa, wachache wakapokelewa vyuo vingine, wengi wakarudishwa nyuma miaka, na wapo walioacha kabisa. Mzazi mmoja alitoka Bariadi akaja mpaka hapa nyumbani, akasimama getini akaniuliza kwa nini nisingekufa na siri yangu mtoto wake amalize kwanza. Mabula alifukuzwa. Kile kiwanda nacho hakikudumu, na nasikia siku hizi anaumwa. Nilikwenda kumwona, mkewe akanikatalia mlangoni: "Mtoto wako tulimbeba kwenye gari letu." Alisema hayo tu, akafunga. Ndiyo maana baba yako wa ubatizo hakuja kwenye mahafali yako. Ulimsubiri, na mimi nikakwambia amesafiri.

Mimi niliambiwa niandike barua ya kuacha kazi. Niliandika.

Limi aliachiwa, hakushtakiwa. Lakini mama yake alikuwa ameshakufa wakati uchunguzi haujaisha. Wanasema ni moyo. Mimi naikumbuka mikono yake tu.

Mwanangu, ukiwa na watu wa kuwafundisha, kuna siku utakuwa umechoka, au rafiki yako atakuwa amechoka, na watu wote wazuri watakuwa na sababu nzuri. Atakuja mmoja tu, amesimama mlangoni, hataki kukaa. Sina maneno ya kukupa kwa siku hiyo. Mimi nilikuwa na maneno mengi sana. Nilimwambia amefanya vizuri kuja.

Limi yuko Nkome sasa, kwa shangazi yake, anaanika dagaa. Nilikwenda mwezi uliopita, ulipopata barua ya ajira. Sikujua naenda kusema nini. Nilimkuta ufukweni ameinama, anageuza dagaa kwenye nyavu zilizotandikwa chini, amefunga kitambaa kichwani. Aliniona nikija, akaendelea kugeuza.

"Shikamoo mwalimu," alisema bila kuinua kichwa.

Sikuweza kuitikia. Nikaanza kuomba msamaha, maneno yakawa yananitoka ovyo. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Akasema, "Yaache hayo, mwalimu. Mengine huwezi kuyabeba wewe wala mimi." Akajifuta mikono kwenye kanga. "Ila nina swali. Sijapata mtu wa kumuuliza. Siku ile, ningeangalia nini?"

Nikamwambia sijamwelewa.

"Chini kule. Niliingia na tochi, nikaona mwamba. Wewe ungekuwa mimi, ungeangalia nini?"

Kulikuwa na majabali karibu na maji, pale watoto wanapoogea. Tukaenda. Niliazima kipande cha nondo kwa fundi wa mitumbwi, nikagonga jabali. Nikamwambia, sikiliza: mwamba mzima unajibu kwa sauti kali, kama kengele. Nikatafuta sehemu iliyopasuka, nikagonga tena, sauti ikatoka nzito, ya kopo lililopasuka. Nikamwambia, ukisikia hivyo juu ya kichwa, hakuna mtu kushuka. Baada ya mvua unagonga kila mahali upya, kwa sababu maji yanaingia kwenye nyufa yanalegeza. Kwenye ufa unapaka tope jioni; asubuhi ukikuta tope limekatika, mwamba umetembea. Unatazama matimba, yale magogo ya kuegemeza; yakiwa yameanza kupinda au kuchanika, yanabeba kuliko uwezo wake. Nikampa nondo agonge mwenyewe. Akagonga, akatega sikio, akagonga tena. Aliniuliza maswali, mazuri, ya mwanafunzi aliyekuwa amejiandaa. Nilimjibu yote. Jua lilikuwa bado halijasogea sana tulipomaliza.

Alibaki ameshika ile nondo, anatazama jabali.

"Ndiyo hayo tu?" aliuliza.

"Ndiyo hayo."

"Somo lote?"

"Sehemu ambayo ingekusaidia siku ile, ndiyo hiyo."

Alinirudishia nondo. Akarudi kwenye dagaa wake, akainama, akaanza kugeuza upande ambao ulikuwa haujakauka, na hakunitazama tena mpaka nilipoondoka.

Nenda salama, Minza. Mungu akutangulie.

Ni mimi baba yako.